Jina la Baba Yangu na Kinu cha Mama Mkwe

Humu hamna jina halisi la mtu hata mmoja, na naomba msomaji asidhani nimepitiwa. Nusu ya majina yanayohusika hapa nimekatazwa kuyatamka, na nusu nyingine wenyewe wako hai, wana mikono mizito, na wanajua ninapokaa. Anayetaka kuandika habari za majina Mahajanga bila kugombana na mtu aandike kila kitu, majina ayaache. Na maneno ya watu nimeyavalisha Kiswahili mimi mwenyewe. Sisi huku tunasema Kimalagasi cha kwetu, baba yangu alirudi kwenye Kingazidja alipokasirika, na Kifaransa tulikiweka kwa ajili ya ofisini. Kiswahili nilikipata redioni, kisha katika safari za Zanzibar nilizozifanya ukubwani kwa biashara ya vitenge, na nakipenda zaidi kwa sababu hakuna mkwe wangu hata mmoja anayeweza kukisoma.

Nilizaliwa Nosy Be, upande wa Dzamandzar, na miaka ile ya mwisho wa sabini hewa ya Dzamandzar ilikuwa ya kulamba. Sitii chumvi; mahali pale chumvi isingefua dafu. Ulianika shati asubuhi, jioni ukalitoa kambani pamoja na sisimizi wake. Kiwanda cha sukari kilinguruma, wafanyakazi walikwenda zamu kwa baiskeli, na baiskeli zote za kisiwa, pamoja na za nusu ya Bahari ya Hindi, ziliharibikia mbele ya mlango wetu. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli. Nimemwona kwa macho yangu akinyoosha rimu kwa magoti huku mkono mmoja unakula wali.

Kila mtu alimwita Fundi. Wateja walimwita Fundi, imamu alimwita Fundi, na mama yangu, mpaka alipofariki, kwa adabu za kwetu alimwita kwa jina langu mimi: baba wa fulani. Waliokuwa wakimwita kwa jina lake halisi, lile alilopewa na babu, ni ndugu zake wawili waliokaa Mahajanga. Hao walikuwa wakija kisiwani kila mwaka, wanalitamka jina lile tangu gatini mpaka mlangoni, kwa sauti ya kuuza samaki. Kisha yakatokea mauaji ya Mahajanga, ambayo wa umri wangu hawana haja ya kusimuliwa, na watu wetu wenye asili ya Komoro kwa maelfu wakarudishwa Ngazidja. Ndugu zake walikuwa miongoni mwao. Hawakuja tena.

Siku moja baba alikuwa amepindua baiskeli ya msimamizi wa miwa, anazungusha gurudumu la nyuma, akasema bila kuinua uso, kama anayetaja upungufu wa spoki, kwamba tangu ndugu zake waondoke hajasikia mtu akimwita. Nikamwambia anaitwa siku nzima, Fundi huku, Fundi kule. Akasema hiyo ni kazi yake inaitwa, si yeye. Halafu akanipa wasia kabla sijaota hata ndevu: nikipata mtoto wa kiume, nimpe jina lake, ili jina lile liitwe tena nyumbani kwa sauti. Nikakubali. Nilikuwa kijana, kuzaa niliona ni jambo la wazee.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamia Mahajanga kutafuta maisha, na maisha niliyoyapata ni kukata tiketi kwenye pantoni ya kwenda Katsepy. Mchana nilivusha watu, ng'ombe, magunia na bata waliofungwa miguu. Jioni nilikwenda shule ya watu wazima. Cheti changu kipo mpaka leo. Nimekitundika juu kabisa ukutani, mgeni hawezi kukisoma bila kupanda kiti, na kiti huwa namletea mimi.

Mwalimu wetu wa jioni alitoka nyanda za juu, na alikuwa na jina refu ambalo alipoanza kuliandika ubaoni tulikuwa na nafasi ya kunywa chai na kurudi. Alitufundisha kulifungua jina kama baba alivyofungua baiskeli: hiki kipande ni cha heshima, hiki ni bwana, hiki ni anayependwa, hiki ni elfu. Unavipanga mezani, unavipangusa, unavirudisha, na jina linatembea. Nilipagawa. Nikaanza kuwaeleza abiria maana ya majina yao, kwanza waliouliza, kisha wote. Bwana mmoja mwenye jina la mtakatifu wa Kifaransa nilimwambia kwamba kwa Kigiriki cha kale yeye ni Mpenda Farasi. Alikuwa mtu aliyemkimbia hata ndama. Akashukia Katsepy amenyooka mgongo, na nasikia alianza kutembea katikati ya barabara.

Nilijifunza mengi zaidi kwenye pantoni ile kuliko darasani. Mama mmoja wa Kimalagasi aliitwa Takataka, na hakuona aibu hata chembe: waliomtangulia walikufa wachanga, wazazi wakampa jina baya ili kifo kikipita kimdharau. Nikamwambia na sisi watu wa visiwani tunafanya hivyo, mtoto analazwa jaani kidogo, anaokotwa, anaitwa kwa jaa. Mchina mwenye duka la vyombo, aliyekuwa akivuka na masufuria, akadakia kwamba kwao mtoto wa namna hiyo wangemwita Mbwa. Kwa hiyo tulikuwa watu wa dunia tatu juu ya bati moja linaloelea, na wote tulikuwa tumewahi kukidanganya kifo kwa hila ileile. Wakati huohuo watu wengine walikuwa wanayatupa majina ya Kifaransa baharini, maana ndiyo miaka ambayo serikali ilitaka kila kitu kiwe cha Kimalagasi. Nahodha wetu mwenyewe aliondoka Ijumaa akiwa na jina la mtume wa Injili, akarudi Jumatatu na jina lenye maana ya Asiyeshindwa na Mawimbi. Wiki hiyohiyo alituegesha kwenye mchanga.

Mke wangu nilimpata hapohapo. Alipanda na kapu la kaa, nikamuuliza jina ili nimweleze maana yake. Akaniambia mimi ndiye ninayejua majina ya watu wote, basi nikisie. Nilikisia msimu mzima wa mvua. Nilipolipata, kaa walikuwa wameshanifinya mara nyingi na kwao walikuwa wameshanizoea.

Kwao ni Wasakalava wenye utumishi. Kuna nyumba takatifu hapa Mahajanga inayoitwa doany, yanapohifadhiwa masalia ya wafalme wao wa kale. Watu huingia miguu mitupu, wamejifunga nguo kiunoni, na kila mwaka huja umati wa kuyahudumia. Ukoo wa mama mkwe umekuwa ukitumika pale tangu enzi na enzi, kufagia, kuimba, kulinda mlango. Mimi niliona ni heshima kubwa. Sikuona kwamba ni hatari kwa mtu wa ukoo wangu, na humo ndimo msomi mzima wa majina alimotumbukia.

Baba alikuja harusini kwa meli yenye mende wengi kuliko abiria. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama peke yake. Akakaa akingojea kutambulishwa. Mjomba wa mke wangu akamtambulisha kwa wageni: huyu ni mkubwa wetu kutoka kisiwani. Mama mkwe akamkaribisha: baba wa mkwe, pita. Jirani mmoja akauliza mzee anaitwa nani, na watu wote wa ukumbini wakaanza kukohoa. Imamu alipofunga ndoa akanitaja mimi mwana wa fulani, na palepale kina mama uani wakaanza kutwanga mpunga kwa fujo, hata jina la baba likamezwa na vinu. Nikajisemea kwamba wakwe zangu wana hamu ya chakula.

Baba hakujisemea hivyo. Alirudi Dzamandzar na kidonda. Nilimletea mke wangu amwone, akampokea vizuri, ni binti asiye na kosa, ila kila salamu iliyotoka kwa wakwe ilikuja bila jina, na kila aliyeileta aliulizwa na baba swali moja: "Huyo baba wa mkwe hana jina?" Kisiwa kizima kilijua kwamba wakwe wa Mahajanga wanamdharau Fundi kiasi cha kuona tabu kumtaja. Watu wa Nosy Sakatia, waliokuja kuuza samaki tu, walirudi kwao na habari hiyo.

Mke wangu alipopata ujauzito, baba akanitumia ujumbe kwa baharia. Akiwa mwanamume, jina ni lile tuliloagana. Na yeye mwenyewe atakuja siku ya saba, si kwa sababu ya mbuzi, bali kusikia wale watu wakilitamka kwa vinywa vyao.

Akawa mwanamume. Kila aliyeingia kumtazama alisema huyu mtoto ni mbaya kweli, ana sura ya komba, ndiyo adabu ya huku, kumsifu mchanga ni kumwitia balaa. Baba alipofika naye akamtazama muda mrefu akasema hajapata kuona kiumbe kibaya namna hii, na machozi yakamtoka. Hapo mambo yalikuwa mazuri bado.

Siku ya saba tulijaa sebuleni kwa mama mkwe. Mke wangu alikuwa chumba cha ndani, amefunikwa mablanketi na kuwekewa jiko la makaa kama desturi inavyotaka, anaiva taratibu. Mtoto alinyolewa. Imamu akamshika, akainamisha sikio upande wangu, akaniuliza jina. Nikalitaja.

Uani kinu kikalia.

Imamu hakusikia, akauliza tena. Nikalitaja kwa nguvu zaidi, na sasa vinu vikawa vitatu. Kuta zilitikisika, vumbi la miaka likashuka darini, achari ya maembe ilicheza ngoma kwenye bakuli. Mara ya tatu nilipiga kelele sikioni mwa imamu mpaka kofia ikamhama, akapata jina, akamsomea mtoto, amani ikarudi. Lakini baba alikuwa ameshasimama.

Alitoka uani. Nikamfuata. Mama mkwe alikuwa amesimama na mchi mkononi, mwanamke mnene, mtaratibu, asiyewahi kunitolea neno zito. Baba akasimama mbele yake na kulitamka jina lake mwenyewe polepole, kama anayemfundisha kasuku. Mama mkwe akamtazama usoni, akatwanga. Baba akarudia. Akatwanga. Ndipo baba akachungulia kinuni.

"Mama," akasema, "mnatwanga nini?"

Kinu kilikuwa kitupu. Vyote vitatu vilikuwa vitupu.

Sijapata kuona mtu akifungasha haraka namna ile. Mkeka, kanzu ya pili, birika la udhu, vyote viliingia sandukuni na sanduku likatoka barabarani. Akakaa juu yake kungoja pusipusi, kigari cha kuvutwa na mtu, impeleke bandarini. Meli haikuwepo mpaka wiki ya pili, lakini hilo aliliona ni jambo dogo. Nilimsihi. Akaniambia nimwache, amekuja kusikia jina lake, na amesikia kinu. Alisema anaweza kuvumilia kutukanwa, kwa sababu anayekutukana amekutaja.

Mjomba wa mke wangu ndiye aliyeokoa siku. Alikuwa mmoja wa walinzi wa mlango wa doany, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Alikuja akaketi ncha ya pili ya sanduku bila kualikwa, wakawa kama abiria wawili wasiojuana.

"Alikuwapo mkubwa mmoja," akaanza. "Zamani. Alisilimu. Alipokuwa hai, watu walikuwa wakimwita."

"Wakimwita nani?" baba akauliza.

"Wakimwita tu. Akafa. Sasa hatumwiti tena hivyo."

"Hamumwiti vipi?"

Mjomba alimtazama kwa huruma nyingi. "Hatumwiti vile unavyoitwa wewe."

Nilihisi cheti changu kikianguka ukutani, nyumba tatu kutoka pale. Nilijua kwamba mfalme wa Kisakalava akifa hupewa jina jipya, refu, la sifa tupu, mara nyingi lenye elfu mwishoni: aliyependwa na elfu, aliyelindwa na elfu. Nilikuwa nimewafungulia abiria majina hayo kipande kwa kipande. Sikuwahi kujiuliza lile la zamani, la uhai wake, linakwenda wapi. Linakunjwa na kuwekwa pamoja naye. Watumishi wa doany hawalitamki, wala watoto wao, wala wajukuu, na anayeteleza huenda mlangoni kuomba radhi. Hata neno la kawaida likikaribiana nalo hutafutiwa jingine. Kuna mboga moja sokoni ambayo nyumba ya mama mkwe huiita ile ya majani mapana, na mimi miaka yote nilidhani wamesahau inaitwaje. Kisiwani kwetu wapo wafalme wao wengine na majina yao mengine ya kukunjwa. La baba halimo. Kwa hiyo hakuna aliyetuonya Nosy Be, na Mahajanga hakuna aliyeweza kutuonya, kwa kuwa hawawezi kukuambia ni jina gani lisilotamkwa, wakikuambia, wamelitamka. Mke wangu alidhani najua. Nani asingedhani hivyo, kwa mtu aliyewaeleza majina hata bata wa Katsepy?

Na kinu kilikuwa ni adabu. Watu wangetoka nje jina linapotajwa, lakini huwezi kutoka nje katika harusi ya binti yako, wala kumwambia imamu anyamaze. Mama mkwe akabuni njia ya kutolisikia bila kumwaibisha mgeni. Ndivyo alivyoeleza mjomba, na alieleza yote hayo bila kulitaja, akizunguka kama mtu anayefagia kando ya nyoka aliyelala.

Pusipusi ikafika, mvutaji akaiweka mikono ya kigari chini, akangoja.

"Huyo mkubwa," baba akauliza, "alikuwa mkubwa mkubwa, au mkubwa wa kawaida?"

"Mkubwa mkubwa."

Baba akasimama, akapakia sanduku, akapanda. Akamwamuru mvutaji azunguke mtaa mzima, kwa mwendo wa heshima, kisha amteremshe mlango wa mbele wa nyumba ileile tuliyokuwa tumeiegemea. Aliposhuka alisubiri mlango ufunguliwe. Ulikuwa wazi, ukabidi ufungwe kwanza. Mama mkwe alikuja kumpokea mara ya pili siku hiyo, akamkaribisha kwa kumwita Mwenye Jina, na hivyo ndivyo alivyoitwa Mahajanga mpaka mwisho.

Ila mbuzi alipokwisha kuliwa na wageni kupungua, likabaki swali ambalo hakuna aliyekuwa amelipigia hesabu. Mtoto ana jina. Nani atamwita?

Ukoo wa mama mkwe hauwezi, hilo tumeshaliona. Mke wangu hawezi mara mbili: ni wa ukoo ule, tena kwa mila zetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake. Wakageuka kunitazama mimi. Nikafungua mdomo, nikaona nitakachokuwa nikisema kwa miaka kumi ijayo: wewe fulani, toka matopeni, fulani, nani amekojoa hapa, fulani, nitakuchapa. Hilo ni jina la baba yangu, na baba yangu ameketi mbele yangu anapangusa masharubu. Nikaufunga mdomo. Na majirani? Majirani waliishi kwa ukarimu wa mama mkwe, na walikuwa na vinu vyao.

Tulikuwa tumempa mtoto jina la mzee ili liitwe, na tumelitia mahali ambapo hakuna kinywa kinachoweza kulifikia. Baba aliwatazama watu wale wote, mmoja baada ya mwingine, na nikaona ile furaha ya ufalme ikimtoka usoni. Aliinama juu ya mtoto, akamwita. Kinu kikalia, taratibu tu, kwa heshima. Mtoto akageuza kichwa upande wa sauti. Ipi kati ya mbili, Mungu ndiye ajuaye.

"Basi," baba akasema, "nitamwita mimi."

Alikuja kwa siku chache. Akaagiza vyombo vyake vyote kutoka Dzamandzar. Akafungua ufundi barazani kwa mama mkwe, akazifufua baiskeli zilizokuwa zimeshazikwa, na kati ya msumari na pampu alimwita mjukuu wake. Alimwita asubuhi akiamka. Alimwita bila sababu yoyote, mtoto akiwa mapajani mwake. Mama mkwe naye alihamishia kinu karibu na mlango, mchi tayari, na wakazoeana kama mpiga ngoma na mwimbaji: mzee akivuta pumzi, mchi unapanda. Wakati mwingine mzee alivuta pumzi makusudi, halafu akapiga chafya tu. Mama mkwe alimwambia kwamba wafalme wa kweli hawakuwa na utoto namna hiyo. Baba akamwambia atajuaje, na yeye hata majina yao hayajui.

Sisi wengine tulimwita mtoto Dadilahy, yaani babu, kama desturi inavyoruhusu kwa anayebeba jina la mzee. Akaitikia. Lakini alipoanza kutembea tuliona kitu. Kila asubuhi kinu kilipolia mahali popote, nyumba yoyote, mtaa wowote, mtoto aliacha alichoshika na kukimbia huko akiitika. Maisha yake yote jina lake lilikuwa limemfikia limefunikwa na mchi, na mwenyewe alikuwa ameamua kwamba mchi ndio jina. Huku kwetu kila nyumba inatwanga. Mtoto aliitwa na mji mzima. Alirudi mchana tumbo limejaa wali wa watu, anatembea kama karani wa bandari, na naamini hakuna mtoto Mahajanga aliyewahi kunenepa kwa kasi ile. Tulilazimika kupanua mlango, au tulikuwa karibu.

Baba alicheka kidogo tu kwa hilo, na nilijua kwa nini: mji ulikuwa unaita kwa mchi, jina lenyewe bado lilikuwa na kinywa kimoja tu.

Mwaka ambao mtoto alikuwa anakaribia umri wa shule, homa ilimkamata mzee na sauti ikakatika kabisa. Alilala chumba cha mbele, midomo inacheza, hakitoki kitu. Mama mkwe alimnywesha maji ya ukoko kwa kijiko na kumwambia kwamba hatimaye nyumba imepata utulivu. Asubuhi ya pili nilisikia kinu. Nikatoka. Alikuwa ameketi mlangoni mwa mgonjwa, kinu kitupu, anatwanga peke yake, hakuna aliyesema chochote cha kufunikwa. Mtoto akatokea mbio kutoka kwa jirani, akaitika, akaingia ndani, akapanda kitandani kwa babu yake. Mama mkwe akaegesha mchi ukutani na kuniuliza kama sina kazi ya kufanya. Aliendelea hivyo kila asubuhi mpaka sauti ya mzee iliporudi.

Sauti ilirudi, wasiwasi ukabaki. Alipopona alikuwa akiniambia, kwa njia ya kuzungumzia minyororo na breki, kwamba hatakaa siku zote. Nilifikiria kumlipa mtu wa Katsepy awe anakuja kumwita mtoto.

Siku ya kwanza ya shule tulikwenda wote watatu, mimi nimeshika mkono wa mtoto, baba nyuma yetu na ile kanzu iliyosimama. Shule ilikuwa mbali na doany. Mwalimu alikuwa msichana mgeni kutoka nyanda za juu, hajui mambo yetu, ana sauti ya kuvuka mto. Wazazi tuliambiwa tubaki nje. Baba akabaki nje dirishani, viwiko ndani.

Mwalimu akaanza kuita watoto. Wakaitika. Kisha akaliita lile jina, lote, wazi, hakuna kilicholigusa. Lilikwenda likagonga ukuta wa nyuma na kurudi.

Mtoto hakuitika. Hakuwahi kulisikia likitoka kwa mtu mwingine; aligeuka dirishani, kwa mtu wa pekee duniani mwenye haki ya kulisema, kuona kama naye amelisikia.

Mwalimu akaita tena.

"Nipo," baba yangu akasema.

Darasa likacheka. Mwalimu akamweleza, kwa upole anaopewa mzee aliyechanganyikiwa, kwamba hili ni darasa la kwanza, anamtafuta mtoto. Baba akasema ni kweli, mtoto ni yule pale, na amuwie radhi, ni kwamba ilikuwa imepita muda. Akamnyooshea mjukuu kidole na kumwambia akiitwa hivyo na mtu yeyote aitike, bila kungoja kitu kingine. Mtoto akakubali.

Mwalimu akashika chaki ageukie ubao.

"Mwalimu," baba akasema, na viwiko vikaingia dirishani zaidi. "Hakuitika. Ni haki umwite tena."